Simu haipokei meseji? Usikubali iflashiwe kabla hujafanya haya

Alishuka kwenye basi la kutoka Ilula saa nne asubuhi, akaja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu ya ufundi simu hapa Miyomboni, Iringa mjini, simu kaifunga ndani ya leso. Mama wa makamo, mkulima wa nyanya. "Kamwene, mwanangu." Nikaitika, nikamsogezea kiti. Akafungua leso, ndani mna kitochi cha vitufe, namba zimeshafutika kwa kubonyezwa.

Simu ilikuwa haipokei meseji, wiki ya pili sasa. Kupiga inapiga, kupigiwa inapigiwa. Wanunuzi wa nyanya wanamwambia hela wameshatuma, yeye haoni kitu, anabaki kubishana nao kwenye simu kama mtu mwongo. Fundi aliyemwona kwanza alimwambia simu imeharibika programu, aiache pamoja na shilingi elfu kumi na tano aiflashi, yaani aiwekee programu upya. Mama akakataa. Hela alikuwa nayo. Alikataa kwa sababu ndani ya simu ile mna meseji za marehemu mume wake.

Niliitazama kwa muda mfupi tu. Juu ya kioo, pembeni ya alama ya mtandao, palikuwa na kibahasha kidogo sana kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Kwenye vitochi vingi alama hiyo ina maana moja: sanduku la meseji limejaa. Simu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikosa nafasi tu, na kuflashi kungepata nafasi hiyo kwa kufuta kila kitu, pamoja na maneno ya mtu ambaye hataandika tena.

Nimekaa kwenye meza hii mwaka wa kumi na moja sasa, na simu nyingi zinazoletwa kwa tatizo hili huondoka bila kufunguliwa hata skrubu moja. Kwa hiyo nakuandikia hatua ninazofuata mwenyewe, uzifanye nyumbani kabla hujampa mtu simu yako. Mitandao ninayoitaja ni ya Tanzania, lakini sehemu kubwa itakufaa popote ulipo.

Meseji inapita wapi

Meseji haitoki kwenye simu moja ikaingia moja kwa moja kwenye nyingine. Ichukulie kama mzigo unaotumwa kwa basi. Anayetuma anaupeleka ofisini, ofisi inaupakia, na ukifika huku unaitwa kuuchukua. Usipopokea simu, mzigo unakaa stoo. Kwenye mtandao ile ofisi huitwa kituo cha meseji. Simu yako ikiwa imezimwa, iko nje ya mtandao au haina nafasi, kituo kinaishikilia meseji na kujaribu tena na tena. Lakini kila meseji imepewa muda wake wa kusubiri, na muda ukiisha inatupwa. Ndiyo maana tatizo hili halifai kuachwa mwezi mzima.

Kupokea hakuhitaji salio wala bando. Meseji hupita kwenye njia ileile ambayo simu huitumia kuwasiliana na mnara, haipiti intaneti. Kwa hiyo mtu akikwambia hupokei meseji kwa kuwa bando limeisha, anachanganya na WhatsApp.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nawaambia hasa mafundi wenzangu vijana. Wengi wakisikia "meseji" wanakimbilia kwenye mipangilio kubadilisha namba ya kituo cha meseji. Namba ile inahusika na kutuma. Meseji inayokuja kwako inapitia kituo cha mtandao wa aliyeituma, na namba iliyoandikwa kwenye simu yako haina kazi hapo. Mteja akisema anatuma vizuri ila hapokei, usiiguse. Utamwongezea tatizo la pili.

Jitumie meseji mwenyewe

Hili ndilo jaribio la kwanza, na ndilo linalopunguza kazi kuliko yote. Andika neno lolote, litume kwenda kwenye namba yako mwenyewe. Kama una laini mbili, hakikisha unatuma kwa laini ileile unayoipima. Meseji itapanda hadi kituoni na kurudi.

Ikirudi ndani ya dakika moja au mbili, pumua. Simu nzima, laini nzima, nafasi ipo. Tatizo liko kwa watumaji fulani tu, au meseji zinaingia na wewe huzioni. Isiporudi, tatizo liko kwako au kwenye mtandao wako.

Kisha omba watu watatu wakutumie neno moja moja: mmoja wa mtandao wako, mmoja wa mtandao mwingine, mmoja mwenye iPhone kama yupo. Andika kwenye karatasi ipi imefika na ipi haijafika, na saa. Karatasi hiyo itakufaa mbele ya safari. Mimi humuuliza mteja swali hili kabla sijaigusa simu: hupokei kutoka kwa watu wote, kutoka kwa mtu mmoja, au kutoka benki na kampuni tu? Majibu hayo matatu ni matatizo matatu tofauti, wala hayatibiwi kwa dawa moja.

Kama haiingii hata moja

Anza na nafasi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Kwenye kitochi, meseji hukaa sehemu mbili: kwenye kadi ya laini, ambayo hubeba chache tu, makumi hivi, na kwenye simu yenyewe. Baadhi ya simu hujaza laini kwanza. Ingia kwenye meseji, tafuta sehemu inayoonyesha hali ya nafasi, utaona zote mbili. Unapofuta, anza na zilizotumwa, rasimu, na matangazo ya kampuni. Usibonyeze "futa zote" kwa hasira.

Kwenye simu janja mambo ni tofauti kidogo. Hapo kinachojaa ni hifadhi ya simu nzima, na mara nyingi kilichojaza ni video za makundi ya WhatsApp. Android ikibakiwa na nafasi ndogo sana inakataa kupokea meseji mpya. Inakupa taarifa ndogo juu ya kioo, ambayo watu huifuta kwa kidole bila kuisoma. Futa video, kisha nenda kwenye tupio la picha ulimwage na lenyewe, maana picha iliyofutwa hubaki humo kwa wiki kadhaa ikiendelea kula nafasi. Mimi humwambia mteja abakize angalau GB moja.

Nafasi ikipatikana, simu yenyewe inautaarifu mtandao kwamba sasa inaweza kupokea, na kituo kinaanza kushusha vilivyokuwa stoo. Kwa yule mama tulikaa tukisoma moja moja. Yeye anasema "hii futa", "hii acha", mimi nabonyeza. Tulikuwa bado tunafuta tangazo la nne au la tano la promosheni simu ilipotetemeka mkononi mwangu. Ikatetemeka tena. Ziliingia tisa mfululizo, tatu kati ya hizo za malipo ya nyanya. Nyingine hazikuja, muda wake ulikuwa umekwisha. Kwa hizo tuliingia kwenye menyu ya pesa na kuangalia salio na miamala ya karibuni. Hela zote zilikuwemo. Meseji ya muamala ni taarifa tu. Hela huingia hata kama taarifa haikufika, na menyu ya kubonyeza nyota na reli haitegemei sanduku la meseji.

Kama nafasi ipo na bado kimya, zima simu, hesabu hadi thelathini, washa ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Najua kila mtu husema "zima uwashe" na inachosha kusikia, lakini hapa ina sababu. Simu ikiwaka inajiandikisha upya kwenye mnara, na mtandao unajua uko wapi sasa. Kuweka hali ya ndegeni kisha kuitoa hufanya kazi ileile. Hilo nalo liangalie, maana nimepokea simu kadhaa zilizokuwa kwenye hali ya ndegeni siku nzima baada ya mtoto kuzichezea. Wateja wangu wa milimani Kilolo wana sehemu zao za kusimama ili mtandao ushike, na wanajua kwamba meseji za asubuhi huingia zote wakifika pale. Kwao hilo si tatizo la simu.

Wenye laini mbili wasikilize hapa. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja inayogawana kazi. Ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, ya pili haipatikani, na meseji yake inasubiri. Mtu anayeongea nusu saa mfululizo atadhani laini ya pili ni mbovu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya laini uone kama ya pili haijazimwa. Kitufe chake ni kidogo na kidole kinakigusa bila kukusudia.

Baadaye itoe laini. Zile sehemu za rangi ya dhahabu zikiwa na weusi au ukungu wa jasho, zisugue taratibu kwa raba ya penseli, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usitumie maji, wala petroli, wala usiikwangue kwa kisu. Laini zilizokatwa kwa mkasi zamani ili ziingie kwenye simu ndogo zinasumbua sana. Zimekaa upande kidogo, simu inazisoma leo, kesho inazikosa.

Kisha iweke laini kwenye simu ya mtu mwingine, na ujitumie meseji tena. Ikipokea huko, simu yako ndiyo yenye kasoro. Isipopokea huko pia, acha kuisumbua simu yako. Twende kwenye laini.

Laini yenyewe

Tangu usajili wa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, laini imefungwa na kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA. Bonyeza *106# uone usajili wako. Kama laini iko kwa jina la mtu mwingine, tuseme alikununulia shemeji miaka ile, litatue mapema, kwa sababu ikiharibika ni yeye atakayetakiwa kwenda dukani kuweka kidole.

Kadi ikiwa imechakaa, duka la mtandao hukupa kadi mpya yenye namba ileile. Lakini angalia: majina na meseji zilizohifadhiwa kwenye kadi ya zamani hazihamii kwenye mpya. Zihamishie kwenye simu kwanza. Watu hulia dukani kwa jambo hili, na wahudumu hawakumbuki kila mara kuwaonya.

Sasa jambo zito. Laini ikikata mtandao ghafla kabisa, hakuna hata kijiti kimoja, umezima na kuwasha haijarudi, na jirani wa mtandao uleule anaongea vizuri, usilale nayo hadi asubuhi. Inawezekana kuna mtu amejifanya wewe na kuchukua kadi mpya ya namba yako. Kuanzia dakika hiyo meseji zako, pamoja na namba za siri za muda za benki, zinaingia kwake. Chukua simu ya mtu mwingine, piga 100 ya mtandao wako, waambie wafunge laini, halafu piga benki. Na kama siku chache kabla mtu alikupigia akakuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, sema hilo pia, bila kuona aibu.

Zinaingia, ila huzioni

Sehemu hii ndiyo inayoniumiza. Binti mmoja aliniletea simu janja nzuri tu, akisema meseji za benki na za kazi haziji. Nilimwambia ajitumie, ikaja. Nikamtumia mimi, ikaja. Nikafungua programu aliyokuwa akisomea meseji. Ilikuwa ni programu ya kutambua wapigaji ambayo siku anaipakua ilimuuliza kama iwe ndiyo ya kupokelea meseji, naye akakubali bila kusoma. Ndani yake kulikuwa na kijisehemu cha taka. Humo zilikuwa zimelala meseji zaidi ya mia moja: benki, bima, matangazo, na moja inayomwita kwenye usaili wa kazi Dodoma. Usaili ulikuwa juzi yake. Aliisoma mara mbili, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo fanya hivi leo, hata kama simu yako haina tatizo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, tafuta programu za msingi, uone ni ipi iliyopewa kazi ya meseji. Rudisha ile iliyokuja na simu. Kisha fungua programu ya meseji, gusa menyu yake, tafuta sehemu ya taka na namba zilizozuiwa. Pitia majina yote. Wengi hukuta namba ya mtu wao wa karibu iliyozuiwa kwa kugusa kimakosa wakati wa kufuta meseji.

Angalia pia arifa. Simu nyingi za bei nafuu zina kipengele cha kuokoa betri ambacho huzinyamazisha programu usipozitumia. Meseji inaingia, lakini simu haitetemeki wala haiandiki kitu kwenye kioo. Iruhusu programu ya meseji ifanye kazi bila vizuizi vya betri. Na ile alama ya mwezi mchanga, hali ya usinisumbue, iondoe.

Mwalimu mmoja wa Kilolo alinipa tatizo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa na kitochi, simu inalia meseji ikiingia, akifungua hakuna kipya. Kumbe simu iliwahi kuanguka, betri ikatoka, na iliporudi tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Simu ikawa inazipanga meseji mpya kwa tarehe hiyo ya uongo, zinaangukia chini kabisa ya orodha, chini ya meseji mia mbili za zamani. Tuliweka tarehe sahihi. Ilichukua dakika moja. Ukisikia mlio na huoni kitu, shuka hadi mwisho wa orodha kabla ya kukata tamaa.

Haziji kutoka kwa mtu mmoja

Muulize kwanza namba yako ameihifadhi vipi, hasa kama uliwahi kuibadilisha. Baada ya hapo angalia orodha ya waliozuiwa, pande zote mbili.

Kama wewe ulikuwa na iPhone ukahamia Android au kitochi, na wasiokufikia ni wenye iPhone, sababu karibu kila mara ni hii: simu zao bado zinadhani uko kwenye iMessage, huduma ya meseji ya iPhone kwa iPhone, zinakutumia kwa njia ya intaneti badala ya njia ya mnara. Kwao inaonekana imetumwa, kwako hakuna kitu. Kabla ya kuitoa laini kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio, meseji, zima iMessage. Kama iPhone umeshaiuza, Apple wana ukurasa wa kuiondoa namba: unaandika namba yako, wanakutumia tarakimu kwa meseji ya kawaida, unazijaza, basi. Android nazo siku hizi zina gumzo la aina hiyo, linaitwa RCS. Ukitaka kuhamisha laini kwenda kwenye kitochi, lizime kwanza katika mipangilio ya programu ya meseji.

Meseji zake ndefu ndizo hazifiki, fupi zinafika? Hapo kuna jambo ambalo sisi waandishi wa Kiswahili tunapaswa kulijua. Meseji moja hubeba herufi 160. Ikizidi, inakatwa vipande vya herufi 153, kila kipande kinasafiri peke yake na simu ya mpokeaji inaviunga. Kipande kimoja kikipotea, simu nyingine hazikuonyeshi kitu mpaka vyote vifike. Ukiweka emoji hata moja, au herufi za Kiarabu, kiwango kinashuka hadi herufi 70, na vipande vinakuwa vya 67. Sasa angalia neno ng'ombe. Ukiliandika kwa alama iliyonyooka, hakuna tatizo. Baadhi ya kibodi huweka alama iliyopinda, na alama hiyo haimo kwenye herufi za meseji za kawaida. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anatosha kuigeuza meseji yako ya kipande kimoja kuwa ya vipande vitatu. Mtumaji mwenye mtandao hafifu aandike fupi, asiweke emoji. Zitafika.

Haziji kutoka benki au kampuni tu

Kama umeshapitia sehemu ya taka na hazimo, nenda benki ukaulize ni namba gani iliyoandikwa kwenye akaunti yako. Mara nyingi ni ile ya zamani. Kama ulihama mtandao ukabaki na namba yako, jambo linalowezekana nchini tangu 2017, watajie hilo, maana anayetuma meseji kwa niaba ya benki anaweza kuwa bado anazipeleka kwenye mtandao wako wa awali. Kabla ya kuhama wajulishe wanaokutumia namba za siri za muda.

Mdogo wangu anafanya kazi Muscat na laini yake ya Tanzania bado anaitumia kwa benki. Miezi miwili ya mwanzo hakupata hata tarakimu moja, kwa sababu alisafiri bila kuwezesha huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Kuiwezesha ukiwa mbali ni shida, ukiwa hapa ni simu moja tu. Anayesafiri afanye hivyo kabla ya kupanda ndege, na aulize kabisa gharama za kupokea.

Wakati meseji zinachelewa

Matapeli wanapenda sana siku ambazo mtandao unasuasua. Wanakutumia ujumbe unaofanana na wa muamala, kisha wanapiga: "Nimekosea kutuma, naomba unirudishie." Wewe unadhani ile ya kweli imechelewa. Angalia jina la aliyetuma: kama ni namba ya kawaida ya simu, huo si ujumbe wa mtandao. Hata hivyo usiitegemee meseji, angalia salio kwenye menyu. Namba ya tapeli itume 15040, huduma iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Ukipiga 100

Ukiwa umefanya yote na bado, piga huduma kwa wateja, na toa ile karatasi. Usiseme tu "sipokei meseji", utaambiwa zima uwashe. Sema hivi: laini namba fulani, tangu tarehe fulani haipokei, nimejitumia mwenyewe saa nne haikurudi, nimeiweka kwenye simu nyingine haikupokea, mtandao huu umetuma saa nne na dakika tano, ule umetuma saa nne na kumi, zote hazikufika, nafasi ipo. Omba waiangalie laini yako upande wao kama imezuiwa kupokea, na wakupe namba ya malalamiko. Iandike kwenye karatasi ileile.

Meseji usizotaka kuzipoteza

Kabla ya kumpa fundi yeyote simu, hata mimi, okoa meseji zako. Kwenye simu janja washa hifadhi ya nakala ya akaunti yako na uhakikishe meseji zimo, kisha piga picha ya kioo kwa zile unazozipenda zaidi. Fundi akitaja kuflashi, kurisiti au kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, muulize kwanza: umeona nini hasa? Kama hana jibu, chukua simu yako.

Vitochi vingi havina pa kuweka nakala. Kwa yule mama nilitoa daftari la kaunta, yeye akawa anasoma, mimi naandika, pamoja na tarehe na saa kama zilivyo kwenye simu. Meseji zilikuwa 41. Nyingi ni za kawaida kabisa: nimefika salama, mbolea nimechukua mifuko miwili, usinisubiri kula. Kuna moja alinisomea polepole, kisha akaomba aiandike mwenyewe. Nikampa kalamu.